Mboga ya Chungu cha Mama Mkwe

Kwetu Petta, karibu na Tororo, mboga za majani zinapikwa kwa karanga zilizosagwa, au kwa ufuta kama mwaka ulikuwa mzuri. Nilipoolewa kwa Wasamia, nje kidogo ya mji wa Busia upande wa Uganda, nilikuta zinapikwa kwa maziwa. Mama mkwe wangu alinifundisha katika majuma yangu ya kwanza pale nyumbani, nilipokuwa bado napikia kwenye meko yake kwa sababu bibi arusi hapewi jiko lake upesi. Mgagani ni mmea mchungu. Unauchemsha, unamwaga maji yake, unautia kwenye chungu cha udongo, kisha unamimina maziwa. Hauliwi siku hiyohiyo. Kesho yake unapashwa moto taratibu, unaongezewa maziwa, unarudishwa kando ya meko. Kesho kutwa hivyohivyo. Ule ukali unakwenda ukipungua hadi mboga inakuwa laini, na ladha yake inakaa mdomoni hata baada ya kunawa mikono.

Chungu kile hakikuwahi kuwa kitupu. Mboga zikikaribia kuisha, nyingine zinaongezwa juu ya zile za zamani, na maziwa juu yake.

"Mama, na zikipikwa bila maziwa?" nilimuuliza siku moja.

"Bila maziwa? Hiyo chakula ya ng'ombe mwenyewe," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Naanza na huyu mama kwa sababu habari hii ni yake kuliko yangu. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe wa maziwa na shamba la muhogo, na mume wangu alikuwa mwanawe wa kwanza. Kitu alichokingoja tangu mume wake afariki kilikuwa kimoja tu: mjukuu wa kwanza, atakayemlisha kwa mkono wake, kutoka kwenye chungu chake. Katika nyumba ile chakula cha kwanza cha mtoto, baada ya ziwa la mama yake, hutoka kwa bibi. Yeye mwenyewe alilishwa hivyo, na mume wangu alilishwa hivyo. Hata kabla sijashika mimba alikuwa amekwisha kuchagua ndama jike na kusema huyu ni wa mtoto.

Mtoto alizaliwa, wa kiume, mzito, mwenye sauti kubwa. Mama mkwe alimbeba, akamtazama vidole vyote, akaniambia, "Umefanya kazi. Sasa pumzika, kazi ingine ni yangu." Nikapewa uji wa wimbi wenye maziwa asubuhi, chai ya maziwa mchana, na jioni ugali na mboga ya chungu. Mwanamke aliyejifungua huangaliwa hivyo kule, na niliangaliwa vizuri.

Mtoto hakunenepa. Mashavu yake yalianza kuwa mekundu na makavu, yakapasuka, yakatoa maji. Alikuwa akinyonya kidogo, anajikunja, anaacha, analia, anarudi tena kunyonya kwa njaa. Kisha nikaona damu kwenye choo chake, nyuzi nyembamba nyekundu ndani ya kamasi. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni uzi wa nguo.

Ikiwa unasoma haya ukiwa na mtoto wa namna hii mapajani, ningependa ujue kwamba hutakuwa wa kwanza kuambiwa mambo mengi. Mimi niliambiwa ni joto la tumbo, ni minyoo, ni jicho la mtu. Jirani mmoja, mwanamke mwenye moyo mzuri kabisa, aliniambia ni meno ya uongo yanayoota ndani ya ufizi, akanitajia mtu wa kuyang'oa. Usikubali. Hayo ni meno ya kweli ya mtoto wako ambayo bado hayajatoka, na wapo watoto waliokufa kwa vidonda vya kung'olewa. Mama mkwe ndiye aliyemjibu. "Huyu hakuna mtu anafungua mdomo yake," alisema. "Mimi nakwenda naye hospitali, na wewe kaa na meno yako."

Tukaenda Tororo, yeye na mimi na mtoto, tukapata daktari wa watoto. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alimvua mtoto nguo zote, akamgeuza, akaomba kuona nepi. Halafu akatuambia kwamba anashuku maziwa ya ng'ombe.

"Lakini hajanyweshwa maziwa ya ng'ombe," nikasema. "Ananyonya tu."

"Wewe unakunywa?"

"Nakunywa."

"Basi na yeye anapata kidogo kupitia kwako."

Akatueleza kwa subira, nami nimekuja kuyarudia maneno yake kwa wanawake wengi, kwa hiyo nitayaweka hapa. Maziwa yana protini. Mwili wa watoto wengine unaiona protini ile kama adui aliyeingia nyumbani, unapigana nayo, na ngozi na matumbo ndiyo uwanja wa vita. Haina maana kwamba maziwa ni mabovu au machafu. Kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu tatizo si vijidudu. Na haina maana kwamba ziwa la mama ni baya: mama aendelee kunyonyesha, ila yeye mwenyewe aache kila kitu chenye maziwa ya ng'ombe, tuone.

Mama mkwe alikuwa akisikiliza huku ameshika mkoba wangu kwa mikono miwili.

"Daktari," akasema, "na ya mbuzi?"

"Ya mbuzi ni ndugu wa ya ng'ombe, mama. Mwili wake hautaona tofauti."

"Na hile imelala, imekuwa mzito?"

"Hata hiyo."

"Na samli?"

"Hata samli. Ndani yake hubaki kidogo."

Kisha akasema, "Sasa huyu mke ya mtoto wangu akule nini? Mawe?"

"Mawe hayana neno," daktari akajibu, na wote wawili wakacheka, nami nikacheka pia, kwa mara ya kwanza tangu nijifungue.

Tuliporudi nyumbani hakufanya mzaha. Chai yangu ikawa ya rangi. Uji wangu ukatiwa karanga. Samli aliipandisha juu ya kabati ambako mimi sikufika bila kigoda. Majirani waliponikaribisha maziwa aliwakatiza kabla sijafungua mdomo. Mume wangu, aliyekuwa karani wa wakala wa forodha pale mpakani, siku moja alinitilia maziwa kwenye chai kwa kusahau, na mama yake akakichukua kile kikombe kutoka mkononi mwangu akainywa ile chai mwenyewe palepale, ikiwa bado moto.

Na mtoto hakupata nafuu. Ngozi ilikuwa ileile. Damu ilipungua ikarudi. Kwenye mizani ya zahanati mshale ulisimama pale ulipokuwa, muuguzi akagonga mizani kwa kidole akidhani imeharibika. Nilianza kufikiri kwamba daktari amekosea, au kwamba ni ziwa langu lenyewe lisilofaa. Nilivuka hadi upande wa Kenya kutafuta katika maduka ya dawa yale maziwa maalumu ya unga ambayo protini yake imevunjwavunjwa, ambayo daktari alikuwa ameyataja kama njia ya mwisho. Katika duka la kwanza kijana wa kaunta alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madam, unataka maziwa haina maziwa," akasema.

"Ndiyo."

"Hiyo ukiipata, niitie. Na mimi nataka gari haina deni."

Hakuwa mkorofi. Alipiga simu Kisumu mbele yangu akauliza, akaniambia yanapatikana Nairobi kwa kuagizwa, na jinsi alivyoipunguza sauti alipotaja bei nilijua kwamba ni kwa watu wengine.

Tukarudi Tororo. Safari hii daktari hakumvua mtoto nguo. Aliweka kalamu chini akaniambia, "Nieleze ulichokula jana, tangu ulipoamka. Usiruke kitu."

"Chai ya rangi na viazi vitamu. Uji wa wimbi na karanga. Mchana ugali wa muhogo na mtama, dagaa, mboga. Jioni ugali na mboga."

"Mboga gani?"

"Mgagani."

"Umepikwa na nini?"

Kabla sijajibu mama mkwe alijibu, kwa sababu chungu ni chake. "Na chumvi," akasema. "Na maziwa kidogo ya kulainisha."

Daktari alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Mama, tulisema maziwa yasiwepo kabisa."

"Haiko," akasema mama mkwe. "Maziwa yote nimekata. Hiyo ni mboga."

Hakuwa akificha wala akibishana. Kwake, na kwangu pia wakati ule kwa kuwa nilikwisha kuzoea meko yake, maziwa ni kitu kinachonywewa kwenye kikombe au kibuyu. Yakishaingia kwenye chungu cha mgagani yamekwisha kuwa mboga, kama chumvi ikishaingia haiitwi tena chumvi. Tulikuwa tumeondoa maziwa kila mahali yalipoonekana, na mara mbili kwa siku nilikuwa nayala kwa ugali. Nikamwona anaanza kuelewa. Ilianza mikononi: aliuachilia mkoba, ukaanguka, hakuuokota.

"Kila siku," akasema. "Kila siku nampakulia."

"Hukujua, mama," daktari akamwambia.

Siku ya soko akanunua chungu kipya, hakutaka kutumia cha zamani hata kikisuguliwa kwa majivu. Hicho kipya akakiweka upande wa pili wa meko, cha zamani kikabaki cha maziwa kwa ajili ya wengine. Akaniomba nimfundishe kupika mboga kwa karanga kama kwetu, akaionja, akafumba macho.

"Hii ya Petta inakwama kwa koo," akasema. "Lakini haina damu."

Majuma yaliyofuata yalikuwa mazuri, na siwezi kuandika kana kwamba hayakuwepo. Damu ilikoma. Mashavu yalikauka, magamba yakadondoka, ikatoka ngozi mpya laini. Mtoto akalala baada ya kunyonya, mdomo wazi. Mshale wa mizani ukasogea. Mama mkwe alimpeleka kwa majirani mmoja mmoja kuwaonyesha mapaja yake, na kwa yule jirani wa meno alikaa muda mrefu kidogo kuliko kwa wengine. Mimi nilikuwa nakula dagaa wazima na mifupa yao, kwa sababu mama anayenyonyesha bila maziwa hana budi kupata nguvu ya mifupa mahali pengine, na dagaa wanaipa. Wanawake wenzangu, hili linawezekana. Nusu ya kwanza ya kazi hii inawezekana kabisa.

Nusu ya pili ni mtoto anapoanza kula.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na likizo yangu ilikuwa imekwisha. Mtoto alikuwa amefikia umri wa kuonja chakula. Hakukuwa na swali ni nani atakayekaa naye; swali hilo katika nyumba ile lingekuwa tusi. Asubuhi ya siku yake ya kula, mama mkwe alivaa gomesi lake la kanisani, akakaa kwenye mkeka mlangoni, akamweka mtoto kwenye paja, akamlisha uji wa wimbi kwa kidole chake. Mtoto akautema, akaulamba, akaufuata mkono. Mama mkwe alikuwa akimwimbia kwa Kisamia, wimbo usio na maneno mengi.

Niliporudi kutoka shuleni siku chache baadaye nilimkuta amekaa mbali na mtoto, amemlaza kwenye mkeka, na yeye yuko kwenye kizingiti na mikono yake imo ndani ya kanga.

"Njoo uone," akasema.

Kwenye shavu la mtoto kulikuwa na mistari minne iliyovimba, myeupe katikati na myekundu pembeni. Nikaielewa kabla hajaeleza. Alikuwa ametoka kumkamua ng'ombe, akapita, mtoto akamchekea, naye akamshika shavu. Vidole vyake vilikuwa vimechorwa pale kama mtu aliyebonyeza udongo mbichi.

"Sikumpiga," akaniambia. "Mimi sijampiga."

"Najua, mama."

"Watu wataona wataseme nimempiga."

Mistari ilifutika kabla ya jioni. Nikamweleza kwamba kwa watoto wengine hata kugusa tu kunatosha, kwamba anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwamba asimbusu akiwa ametoka kunywa chai ya maziwa. Alinisikiliza kama mwanafunzi. Akatundika mtungi wenye bomba kando ya zizi. Akanawa mpaka ngozi ya mikono yake ikawa na nyufa, nami nikawa nampaka mafuta ya alizeti. Kila nilipoondoka kwenda kazini nilimwacha akiwa amekaa wima kama askari wa lindo, na viko vyungu viwili kwenye meko, cha maziwa kulia na cha mtoto kushoto. Hakuwahi kuvichanganya. Nataka hili lijulikane.

Lakini mwiko ulikuwa mmoja.

Mwiko katika jiko la Kisamia si kitu cha kununua ovyo. Ule alipewa na mama mkwe wake siku alipokabidhiwa meko yake, na siku moja angenipa mimi. Ulikuwa wa mti mgumu, umeliwa upande mmoja kwa miaka ya kukorogea ugali. Aliuosha kila mara, kwa sabuni, kwa majivu, kwa maji ya moto. Mti hunywa. Mwiko uliokoroga maziwa miaka yote ile ulikuwa umejaa maziwa hadi ndani, na asubuhi moja aliugeuza kwenye chungu cha kulia, akauosha, akautia kwenye chungu cha kushoto, akamlisha mtoto.

Nilipigiwa simu nikiwa darasani. Nilipofika zahanati walikuwa wamekwisha kumfikisha mtoto, mama mkwe na kijana wa bodaboda. Mtoto alikuwa na midomo iliyofura, macho yamefungwa kwa uvimbe, amejaa vipele vikubwa mwili mzima, na alikuwa anakohoa kikohozi kikavu chenye mluzi ndani yake. Alikuwa ametapika njia nzima kwenye gomesi la bibi yake. Muuguzi alimchoma sindano ya adrenalini kwenye paja, akamweka kwenye oksijeni, na tukasimama tukiutazama ule mluzi ukipungua.

Hapa sitanii na mtu. Mtoto akivimba midomo, akikohoa, akilegea baada ya kula, usimpe maziwa ya kutapisha wala mkaa wala maji ya chumvi. Mpeleke mahali penye sindano ile, na ukifika useme kwanza kwamba ni mzio.

Mama mkwe hakuingia ndani. Nilimkuta kwenye nyasi nyuma ya jengo, miguu imenyooshwa, matapishi yamekauka kifuani.

"Amepona, mama. Anapumua. Njoo umwone."

"Nimemwona."

"Si kosa lako."

"Wewe mwalimu," akasema. "Unajua kusema. Lakini nani alimlisha? Ni huu mkono." Akauinua, akauangalia pande zote mbili. "Mume wangu nimemlisha na huu mkono. Watoto sita. Huyu nakaribia kuzika."

Nikakaa naye. Nilimweleza habari ya mti na jinsi unavyonyonya, jinsi hakuna mtu ambaye angejua. Nilieleza vizuri sana. Mimi ni mtu wa kueleza, ndiyo kazi yangu, na siku ile nilijifunza kwamba mtu anaweza kuelewa kila neno na asisaidike hata kidogo.

Jioni ile alikataa kumpokea mtoto kutoka mikononi mwangu. Kesho yake aliwapeleka ng'ombe na yule ndama wa mjukuu kwa kaka yake, kule karibu na ziwa, akakubaliana naye awatunze mpaka mtoto apone. Alivunja chungu cha maziwa. Mwiko hakuuchoma, aliuchomeka kwenye paa la jiko, juu, kwenye moshi. Na bado hakumgusa mtoto. Nilimwambia kwamba sasa nyumba haina maziwa hata tone, mtoto yuko salama naye. Alisema, "Jirani iko na maziwa. Kanisa iko na maziwa. Mimi najua wapi nimepita?"

Kwa hiyo tulihamia chumba cha kupanga mjini, mume wangu na mimi na mtoto, karibu na shule niliyopata, ambako mwalimu mkuu aliniruhusu kukaa naye darasani. Alikua akiwa chini ya meza yangu. Nilijifunza kusoma kila karatasi ya mkate na biskuti na siagi ya kupaka, kwa sababu maziwa hujificha humo kwa majina mengine. Alikula wimbi, maharagwe, mayai, parachichi, unga wa dagaa. Alibaki mdogo kwa umbo kuliko wenzake, lakini alikua. Mama mkwe alituma mihogo kila juma, imemenywa na kuoshwa, imefungwa kwenye mfuko mpya kutoka dukani.

Daktari alikuwa ametuambia kwamba watoto wengi huacha mzio huu wanapokua, na kwamba tutamjaribu akiwa mkubwa kidogo, hospitalini, dawa zikiwa tayari mezani. Asijaribu mtu nyumbani. Mama mkwe aliyashika maneno yale, watoto wengi huacha, akayaweka mahali. Kila tulipoonana aliniuliza, "Bado kujaribu?"

Siku ya jaribio la kwanza alikuja Tororo na gomesi lake la kanisani. Alikaa benchi la nje. Mtoto alipewa tone, tukangoja, akapewa tone jingine, tukangoja, akapewa kijiko. Nilianza kuamini. Kisha akaanza kujikuna shingo, na mdomo wa juu ukavimba polepole. Wakampa dawa, wakatuweka hapo hadi alasiri. Nilipotoka nje mama mkwe alisoma uso wangu akasimama, akajikung'uta nguo, akasema tuwahi gari.

Mwaka uliofuata tulirudi. Mara hii hatukufika kwenye kijiko. Tone moja kwenye mdomo, na vipele vikatoka kuuzunguka kama ushanga. Daktari, ambaye wakati huo alikuwa na mvi, aliniambia ukweli bila kuupamba: wengi huacha, wengine huchelewa, wachache hawaachi, na yeye sasa anadhani wetu yuko katika wachache. Tutaendelea kumjaribu, alisema, lakini nisijenge maisha juu yake.

Nilimrudishia mama mkwe maneno yote pale kwenye benchi, kwa Kiswahili chepesi, bila kuacha kitu. Aliuliza swali moja.

"Hata akiwa mzee?"

"Huenda hata akiwa mzee."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Basi mwambie kaka yangu yule ng'ombe sasa ni yake. Na mtoto yake pia." Ndama alikuwa amekwisha kuwa ng'ombe mkubwa mwenye ndama wake wakati huo.

Bado anakuja kututembelea. Anakuja na fungu la mgagani mbichi, majani yana umande, ameyafunga kwa ganda la mgomba. Anaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, na mikono yake ameikalia. Nimemwambia mara nyingi kwamba hana ng'ombe tena, mikono yake ni safi kuliko yangu. Anajibu kwamba anajua. Mwanangu ni mtoto mwenye adabu. Humsalimu akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nilimfundisha kumwita kukhu, yaani bibi, na akiulizwa anasema, lakini akiwa peke yake na mimi humwita "yule mama".

Juma lililopita niliupika mgagani aliouleta, kwa karanga, nikawapakulia. Mtoto alimaliza sahani yake akaninong'oneza, kwa sauti ambayo watoto hudhani ni ndogo, "Yule mama anaenda saa ngapi?"

Mama mkwe aliendelea kutafuna. Alikunja tonge, akalichovya, akalitia mdomoni, akameza. Kisha akanigeukia mimi, si mtoto.

"Mboga yako bado kali," akasema.

Nikasema ni kweli, ingehitaji kukaa siku mbili tatu.

"Na kitu ya kulainisha," akasema, akanyanyuka kwenda kunawa.